Mkeka wa Ikongwe

"Mkeka una njaa," fundi wangu Kiwelu alisema, akanipa fimbo ya kusikilizia kana kwamba mimi ndiye niliyeunyima chakula.

Nikapiga magoti kwenye nyasi zenye umande, nikachomeka fimbo kwenye bomba la kulishia, nikatega sikio. Siku za shibe, mkeka ukifuma huko chini ya mlima unasikika kama mtu anayepukuchua mahindi chumba cha pili. Hakuna sauti niliyoipenda zaidi katika kazi hii. Asubuhi ile nilisikia punje moja, kimya kirefu, kisha punje nyingine. Nikahamia bomba la pili na la tatu, mambo yakawa yaleyale.

"Na ufa je?" nikauliza.

"Jana ulikuwa unaingiza kidole. Leo unaingiza ngumi. Yangu, siyo yako."

Kiwelu ana ngumi ya kuangushia ng'ombe, kwa hiyo sikuona haja ya kwenda kupima.

Watu wa mjini wakisikia neno mkeka hudhani tulitandika kitu tukajiondokea. Laiti! Waliotutangulia waliuchimba mteremko mzima wa Ikongwe ngazi kwa ngazi. Walitandika wavu uliosokotwa kwa chupa kuukuu za plastiki na nyavu za kuvulia zilizotupwa, juu yake udongo ulioshindiliwa, juu yake magunia ya matairi yaliyosagwa ili maji yapate pa kupitia, kisha wavu tena, hivyo hivyo mpaka juu. Hadi hapo ni ufundi wa mababu. Kilichokuwa kipya ni vijidudu walivyovitia ndani ya kila uzi, vijidudu vilivyofundishwa jambo moja tu duniani: kutafuna plastiki na kuitema ikiwa uzi mpya. Mlima ukivuta, uzi ukikatika, vinafuma palepale. Kazi ya mhandisi ni kuulisha mkeka na kuuelekeza. Chakula chake ni chenga za plastiki. Kinachouongoza ni utamu, kwa sababu vijidudu hupenda sukari kama watoto: ukimwaga maji ya sukari guru bomba la kushoto, mkeka unaelekea kushoto, taratibu, upana wa kiganja kwa siku. Ukitaka usimame, unazungushia chokaa.

Miaka ya mwanzo ulikula jalala zima la wilaya, na watu wakausifu. Kisha ikaja Marufuku. Viwanda vya plastiki vikafungwa, nchi nzima ikashangilia, hata mimi, msichana wa shule wakati huo, nilicheza ngoma barabarani mpaka kiatu kikakatika. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna milima inayoishi kwa takataka. Siku hizi chenga zinafukuliwa kwenye majalala ya zamani ya pwani na kugawiwa kwa zamu. Zamu yetu ilikuwa Januari, na mawingu ya vuli yalikuwa yamekwisha kaa juu ya kilele cha Shengena.

Chini ya mteremko wetu kuna zahanati, na nyumba zilizojipanga mpaka mtoni. Juu yake kuna ndiva, bwawa la kijiji linalonywesha mashamba yote ya tangawizi. Mteremko ukiondoka, ndiva inaondoka nao, na maji yale hayatamwuliza mtu kama amelala au yuko macho. Tuliwaambia watu wahame. Wachache walihama. Wengine walituuliza wahamie wapi na tangawizi iko shambani.

Ndoo na viti vya majumbani tulikwisha kusanya. Sisi Wapare tunatunza hata ndoo iliyopasuka kwa sababu mpini wake bado mzima, lakini safari hii tulitoa. Mkeka ukala kwa siku chache, ukanyamaza tena. Ikabaki plastiki mahali pamoja tu katika mlima ule, nayo ilikuwa imewafunika watu.

Yalikuwa makaburi saba, kwenye kitako cha ardhi pembeni ya mteremko. Mwaka wa ile homa ya mapafu, watu waliofia zahanati hawakurudishwa nyumbani. Walitiwa kwenye mifuko mizito ya plastiki, mfuko ndani ya mfuko, wakazikwa kwa safu na watu wenye mavazi meupe. Mifuko ile ingetosha kuuvusha mkeka mpaka Januari. Niliipiga hesabu mara nyingi nikitumaini nimekosea.

Kanuni yetu ni moja na haina mlango wa uani: mkeka haupiti kwenye kaburi la mtu bila neno la ndugu zake. Familia sita zilikuwa zimetoa neno. Iliyobaki ilikuwa ya mzee Senkondo.

"Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku," Kiwelu alisema tukipanda kwenda kwake. "Huyu ameshauza wawili."

"Na angekuwa Mchaga mwenzako?"

"Angekuwa ameshatuuzia kaburi, Injinia, na risiti tungekuwa nayo."

Nilicheka ingawa sikutaka.

Mzee Senkondo alikuwa anachambua maharagwe barazani. Ni mzee wa kanisa, na kanisa lenyewe ni lile lisilogusa pombe wala kahawa. Shati lake alikuwa amelifunga mpaka kifungo cha shingoni, siku ya kazi, nyumbani kwake, peke yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti wa Usangi. Umekuja tena kuniomba mke wangu."

Nikasema ndiyo, nimekuja. Kuna wazee ambao ukizunguka nao maneno wanakuzungusha zaidi. Kiwelu akaketi kwenye ngazi, akavuta ungo, akaanza kuchambua naye. Kwa hilo namsifu.

"Wewe hukuwepo," mzee akasema. "Nikueleze. Tulisimamishwa ng'ambo ya bonde, kule kwenye mikaratusi. Wakawatoa saba, wote wameviringishwa, wote sawa. Unajua nilimtambua vipi Mama Anaeli? Kwa urefu. Wawili walimwinua wakashindwa, wakamwita wa tatu. Nikasema, yule ni wangu." Akatupa haragwe bovu uani. "Kwetu mtu analala mgombani pake. Anaoshwa, anaangaliwa uso, mumewe anatupa udongo wa kwanza. Mimi nilitupa nini? Nilipunga mkono. Nimemzika mke wangu kwa kumpungia mkono kama mtu anayesindikiza basi."

Nikasema pole, na lilikuwa neno dogo.

"Ule mfuko," akauliza baadaye, "umeshaoza?"

"Haujaoza, mzee. Ile haiozi. Wajukuu wa wajukuu zako wataukuta."

"Kwa hiyo mpaka leo hajagusa udongo."

Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi ya zahanati na ndiva na watoto wa watu. Hili la udongo sikuwa nimelifikiri hata kidogo. Nikajibu, "Bado hajagusa."

"Na huo mkeka wako unakula nini hasa? Nieleze kama unavyomweleza hakimu."

"Plastiki tu. Mfupa haujui. Nguo ya pamba haujui. Ukipita, mfuko unaondoka na mtu anabaki palepale alipo, ndani ya udongo."

Alichambua maharagwe mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema atanijibu siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, mbele ya watu, kwa sababu yeye hatoi neno la uchochoroni. Akatufungia maharagwe kwenye jani la mgomba tukayapike kambini.

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye makaburi kupima njia. Nilitaka kujua mkeka uko umbali gani na safu, ili mzee akikubali tusipoteze hata siku moja. Kwa hesabu zetu uzi wa karibu ulikuwa mbali, nyuma ya mstari wa chokaa tuliouzungushia makaburi tangu mwanzo. Nikachomeka fimbo kwenye kaburi la mwisho, la mtu mrefu, kwa kutimiza wajibu tu.

Mahindi yalikuwa yanapukuchuliwa.

Niliichomoa fimbo, nikaifuta, nikaichomeka tena. Haikuwa punje moja moja kama kule mteremkoni. Huku ilikuwa shangwe, debe zima. Nikamwita Kiwelu naye asikilize, nikitumaini masikio yangu yana wazimu.

"Mama yangu," akasema. "Umeingia."

"Na chokaa?"

Alikuwa ameinama, ananusa udongo wa kichwani mwa kaburi. Palikuwa na unyevu wa duara, na sisimizi weusi wamejaa kama kwenye msiba wa asali. Hata mimi niliisikia harufu sasa, tamu na chachu.

"Dengelua," Kiwelu akasema.

Dengelua ni pombe yetu ya miwa. Zamani Mpare hakumsahau marehemu wake: alimpelekea kidogo kwenye kibuyu, akamwaga, akamwambia habari za nyumbani. Siku hizi ni wachache wanaofanya hivyo, na mzee wa kanisa hatakiwi hata kuliota jambo hilo. Lakini njia nyembamba iliyokanyagwa ilitoka kwenye kaburi lile, ikapita kwenye tangawizi, ikaishia nyuma ya nyumba ya mzee Senkondo. Kila alipomwaga, utamu ulishuka mpaka kwenye chokaa ya upande wa miguuni, uchachu ukaila chokaa, na mkeka wenye njaa ukasikia harufu ya sukari ukajongea. Tulimwekea ulinzi wa kitaalamu, naye akaufungua kwa mkono wake mwenyewe, kwa mapenzi, bila kujua.

Nikasikiliza kaburi kiganja kwa kiganja, nikiweka alama kwa vijiti. Sauti ilianzia miguuni, ikapanda magotini, tumboni, kifuani. Hapo ikakoma. Juu ya kifua palikuwa kimya.

"Sikiliza, Injinia," Kiwelu akasema. Alikuwa ameacha utani, na ni mtu anayenitisha akiacha utani. "Hapa hakuna kilichoharibika. Mzee anaelekea kukubali, umemwona mwenyewe. Akikubali tunaweka siku, tunamwaga maji ya sukari mbele yake, anaomba, analia, tunamshika mkono. Amepata maziko yake. Nani ameumia?"

"Yeye."

"Kwa lipi? Kilichokwenda kimekwenda."

"Mara ya kwanza walimzika bila yeye. Sasa mimi nimefanya hivyohivyo, halafu nimwimbie wimbo juu ya jambo lililokwisha?"

"Haya. Mwambie." Akakung'uta magoti. "Kesho yuko Same kwa hakimu. Zuio linaandikwa kabla ya chakula cha mchana, tunalazimishwa kumwaga chokaa mlima mzima, mkeka unalala. Mvua haisomi zuio. Na ukishamwambia umeingia, atakuuliza nani aliuita. Utamjibu nini? Utamwambia ni yeye?"

Sikulala vizuri. Nasema wazi kwamba niliogopa, na sikuogopa jambo moja. Niliogopa mlima. Niliogopa uso wa yule mzee akisikia kwamba kibuyu chake ndicho kilichomwongoza mnyama kwa mkewe. Na niliogopa, hili ni la aibu kidogo, kuitwa kizimbani na mtu anayejua vifungu kuliko mawakili. Asubuhi nilikuwa nimekubaliana na Kiwelu. Nilijiambia kwamba ukimya nao ni huruma, na nusu yangu iliamini.

Siku ya msaragambo baragumu lililia mapema. Kwetu likilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na usipotokea utakuta jina lako limeshapikwa na kuliwa kisimani. Kazi ilikuwa kuzibua mfereji wa ndiva kabla ya mvua. Kanga zilifungwa viunoni, akina mama wakatangulia kwa kuimba, vijana wakafuata kwa kulalamika. Nilichimba nao. Udongo ulikuwa mkavu na mwekundu, na kila nilipotua jembe nilihisi mlima unanitazama.

Watu walipokaa kula magimbi, mzee Senkondo akasimama. Hakuvua kofia. Akakohoa mpaka wote wakanyamaza.

"Mnanijua," akasema. "Sipendi kuombwa."

Watu wakacheka. Mama mmoja akapaza sauti, "Hata kudaiwa hupendi!"

"Hata kudaiwa. Sasa huyu binti ameniomba kitu ambacho hakuna mtu anayepaswa kuombwa. Nilitaka kumshtaki kwa kuomba tu." Wakacheka tena, lakini kidogo. "Nimefikiri. Mke wangu yuko ndani ya mfuko. Miaka yote hii nakwenda kumsalimia, kumbe nasalimia mfuko. Mkeka upite. Umtoe humo, ukashike mlima, watu wa zahanati walale. Ila nina sharti moja. Mara ya kwanza waliniweka ng'ambo ya bonde. Mara hii nitakuwepo. Uzi wa kwanza ukimgusa, mimi niwe nimekaa hapo. Kabla yangu, hapana."

Walipiga makofi. Wengine walilia. Mwenyekiti alinigeukia akitabasamu, akasema, "Haya Injinia, utupangie siku." Kiwelu alikuwa ananiangalia kwa macho ya kuomba, akitikisa kichwa kidogo sana.

Nikafungua mdomo kutaja siku. Naapa nilikuwa naitaja, Jumapili ilikuwa kwenye ulimi. Nilimwona mzee akifungua kifungo cha shingoni, kile kifungo, akipumua kama mtu aliyetua mzigo. Jumapili ikakataa kutoka.

"Mzee," nikasema, "naomba tuongee pembeni."

"Mimi siongei uchochoroni."

"Hili ni la kwako na Mama Anaeli. Si la watu hawa."

Akanitazama, akaja. Tulisimama kwenye ukuta wa ndiva, migongo yetu kwa kijiji. Nikamwambia yote kwa mpigo, kwa sababu ningetua katikati nisingeendelea. Kwamba mkeka umekwisha ingia. Kwamba hatukuupeleka sisi, lakini ulinzi ulikuwa wetu na hatukukagua, kwa hiyo kosa ni letu. Kwamba mstari wa chokaa ulilainika miguuni mwa kaburi.

"Chokaa inalainikaje?" akauliza.

"Kwa kitu chenye uchachu, mzee."

"Na mkeka unafuata nini?"

Alijua jibu. Nilimweleza mwenyewe siku za nyuma, kwa fahari, jinsi tunavyouongoza.

"Unafuata utamu," nikasema.

Mzee Senkondo akashika ukuta. Nilidhani anaanguka, nikamshika kiwiko, akanikung'uta. Kijijini walikuwa wanaimba tena. Uso wake ulikuwa umekauka, midomo inacheza bila sauti, na mimi nilijichukia na kuichukia kazi yangu na yule aliyebuni mkeka.

"Ni mimi," akasema.

"Ni kazi yetu iliyokuwa mbovu. Wewe ulikuwa unamsalimia mkeo."

"Usinibembeleze. Ni mimi." Kisha ukaja moto niliokuwa nauogopa. "Na mlijua lini? Leo? Jana? Nilipokuwa nasimama pale, wewe unajua? Ukaniacha niongee mbele za watu?"

"Nilijua juzi."

"Nitakushtaki. Unasikia? Nitakupeleka mpaka mahakama ambayo hujui hata njia yake. Nitakuweka ng'ambo ya bonde wewe!"

"Una haki, mzee. Ukisema kesho twende kwa hakimu nitakwenda nawe, sitakimbia."

Akahema. Maji ya ndiva yalikuwa yametulia, na mawingu yalikuwa ndani yake. Nilifikiri sasa mlima umekwisha, na ni kwa mdomo wangu. Nilisubiri aseme neno zuio.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Nini, mzee?"

"Huo mkeka. Kwa mke wangu. Umefika wapi?"

Nikaweka kiganja kifuani pangu. "Hapa."

"Na juu ya hapo?"

"Bado. Shingo na uso bado viko ndani ya mfuko."

Akarudia polepole, kama mtu anayejifunza neno geni. "Uso bado."

"Uso bado."

"Utafika lini?"

"Keshokutwa mchana, kwa mwendo wake."

Alifunga kifungo cha shingoni. "Kesi yako iko palepale," akasema. "Ila keshokutwa nakuja."

Nitangulize habari za mlima, msije mkakaa na wasiwasi kama nilivyokaa mimi. Mkeka uliimaliza mifuko ya makaburi yote saba, ukapeleka nyuzi zake mteremkoni tulipouelekeza, na vuli iliponyesha, na ilinyesha kweli, ufa ule haukuongezeka hata kidole. Na kesi aliifungua, msidhani. Mpaka leo inatajwa, na kila inapotajwa mimi na mzee tunashuka Same pamoja, ananilaumu kwenda na kurudi, na tukifika sokoni ananinunulia ndizi.

Keshokutwa ile alikuja peke yake, na koti lake la ibada, ingawa jua lilikuwa kali. Wenzake wa kanisa aliwaambia wasije. Alikuwa amebeba kigoda, akakiweka kichwani mwa kaburi, halafu akaona kigoda kinamweka mbali, akakaa chini kabisa na koti lake. Nikamwuliza kama anataka fimbo asikilize. Akakataa. Akaweka kiganja juu ya udongo, akaniambia nisikilize mimi, nimwambie ukifika.

Kiwelu alisimama mbali, amevua kofia. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi na sikio kwenye fimbo. Mkeka ulikuwa unapanda shingoni, punje kwa punje.

"Alikuwa hapendi kujifunika," mzee akasema, hakuna aliyemwuliza. "Hata Julai, baridi inayoua kuku, anatoa uso nje ya blanketi. Anasema ataishiwa pumzi. Nilikuwa nagomba naye."

"Ndiyo, mzee."

"Nilikuwa nagomba naye kwa blanketi," akarudia, akacheka kidogo, kisha hakucheka tena.

Tulingoja. Jua lilisogea, kivuli cha kigoda kikapita mgongoni kwake. Sauti ikaja chini ya kidevu, ikatulia, ikaenea pande zote mbili kwa wakati mmoja, ndogo, haraka haraka, kisha ikafunguka juu yote. Nilihakikisha. Nilihakikisha mara mbili, kwa sababu kwa mtu huyu nisingekosea tena.

"Sasa, mzee," nikasema.

Akainama mpaka paji la uso likagusa udongo. Nilidhani ataomba. Nilikwisha fumba macho nimwitikie amina.

"Pole, Mama Anaeli," akasema. "Pole kwa joto."